Rangi Ngeni Ndani ya Mbuzi: Ya Kukata, ya Kutupa na ya Kutogusa Kabisa

Mbuzi amechinjwa kwenye boma moja huko Nuu. Ngozi imechunwa, tumbo limepasuliwa na maji ya supu yanachemka. Mara mwenye kisu anasita. Ini lina madoa meupe, au mafuta yaliyozunguka figo yana rangi ya manjano, au pafu moja limekuwa gumu huku la pili likiwa laini kama kawaida. Wazee wanaitwa waangalie. Mmoja anasema nyama itupwe, mwingine anasema alishakula ya namna hiyo na bado yuko hai, na mara nyingi mjadala unaishia kwenye kauli ile ile: moto utamaliza.

Moto haumalizi kila kitu, na wala si kila rangi ngeni ni sumu. Makosa ya pande zote mbili yana gharama katika eneo kame kama Mwingi ya Kati, ambako mbuzi ndiye akiba, ndiye karo ya shule na ndiye mlo wa kiangazi. Familia inayotupa mbuzi mzima kwa sababu ya doa lisilo na madhara imepoteza mali bure. Familia inayokula, au hata kuchuna tu, mnyama aliyekufa kwa kimeta inaweza kupoteza mtu.

Wakaguzi wa nyama hawaamui kwa rangi peke yake. Hutaka kujua mnyama alikuwaje akiwa hai, rangi hiyo iko wapi mwilini, na kama iko sehemu moja au imeenea kote. Mfugaji anayeyajua maswali hayo hupunguza ubishi mwingi kabla hata mkaguzi hajafika.

Kabla ya kisu

Jibu la kwanza hupatikana jioni ya siku iliyotangulia, mbuzi akiwa bado kwenye zizi. Mbuzi mwenye afya hula, hucheua na hutembea pamoja na wenzake. Kinyesi chake ni vidonge vikavu. Ukivuta kope la chini, ngozi ya ndani huwa na rangi ya waridi. Ikiwa imepauka kabisa, huenda minyoo imemnyonya damu, na nyama yake itakuwa nyeupe na yenye majimaji. Ikiwa ni ya manjano, tatizo ni lingine na limeelezwa hapa chini.

Mnyama mwenye homa hafai kuchinjwa. Homa huzuia damu kutoka vizuri, nyama hubaki na rangi nyekundu iliyoiva sana, na huoza upesi. Vivyo hivyo kwa mnyama aliyeswagwa mwendo mrefu hadi sokoni na kuchinjwa saa hiyo hiyo. Misuli yake imemaliza sukari iliyokuwa imehifadhiwa, kwa hiyo nyama hutoka nyeusi, ngumu na kavu. Wengi huidhania kuwa nyama ya mnyama mzee au mgonjwa, ilhali ni ya mnyama aliyechoka. Haina ugonjwa, ila haidumu. Kumpumzisha mbuzi usiku mmoja na kumpa maji ya kutosha huiondoa kasoro hiyo, na ni jambo lisilogharimu chochote.

Mnyama aliyejifia mwenyewe ni kibudu. Huyo hachinjwi, hachunwi wala hapasuliwi ili "aangaliwe ndani". Sababu yake inafuata katika sehemu ya rangi nyeusi.

Manjano ya ng'ombe si manjano ya mbuzi

Rangi hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Ng'ombe akila majani mabichi hupata karotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake, na sehemu yake hubaki kwenye mafuta. Baada ya mvua za Novemba, mafuta ya ng'ombe aliyelishwa vizuri yanaweza kuwa ya manjano, hasa akiwa ni ng'ombe mwenye umri mkubwa, na hakuna ubaya wowote. Mbuzi ni tofauti. Mwili wake hugeuza karibu karotini yote kuwa vitamini A, na ndiyo maana mafuta ya mbuzi huwa meupe, na maziwa yake pia hayana ule umanjano wa maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo mafuta ya manjano ndani ya mbuzi yanastahili kutiliwa shaka mapema kuliko yale ya ng'ombe.

Namna ya kutofautisha ni kutazama sehemu zinazopaswa kuwa nyeupe: weupe wa jicho, kano, gegedu za viungo, na utando wa ndani wa mishipa mikubwa ya damu. Zikiwa nyeupe huku mafuta tu yakiwa ya manjano, hiyo ni rangi ya malisho. Zikiwa za manjano nazo, damu ya mnyama imejaa nyongo au masalia ya chembe nyekundu zilizovunjika, na mzoga wote haufai. Ukaguzi huu ufanywe kwenye mwanga wa jua. Chini ya turubai la rangi au kwa mwanga wa tochi, kila kitu huonekana kama mtu anavyotaka kionekane. Kichinjioni, mkaguzi akiona umanjano hafifu anaweza kuuzuia mzoga kwa saa 24, kisha akautazama tena; wa malisho hubaki kwenye mafuta peke yake, na wa ugonjwa mwepesi wakati mwingine hufifia.

Umanjano wa ugonjwa una vyanzo kadhaa. Kupe hueneza ndigana baridi, ambayo huvunja chembe nyekundu za damu bila mkojo kubadilika rangi, na pia ugonjwa wa maji mekundu, ambao mnyama hukojoa mkojo wa rangi ya chai nzito. Ini lililoharibiwa na sumu huleta umanjano pia, na hapa wakazi wa Kitui na Makueni hawahitaji kukumbushwa sana. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini iliyotokana na mahindi yaliyoota kuvu iliwapata watu 317 katika maeneo haya na ya jirani, na 125 kati yao walifariki. Dalili moja iliyowatambulisha wagonjwa ilikuwa macho ya manjano. Sumu hiyo hiyo hushambulia ini la mifugo. Kuku na ndama huathirika upesi kuliko mbuzi, lakini tabia ya kuwapa wanyama mahindi ambayo watu wameyakataa ni kuihamisha sumu kutoka sufuria moja hadi nyingine. Ini la mnyama wa namna hiyo huwa limepauka, lina mafuta na huvunjika kirahisi likibonyezwa kwa kidole.

Ini na hadithi zake

Ini ndilo kiungo kinachoonyesha mengi, na pia ndilo linalotoka sufuriani la kwanza na kuliwa likiwa halijaiva vizuri.

Madoa madogo meupe yaliyotawanyika mara nyingi ni makovu ya minyoo iliyopita. Mirija ya nyongo ikiwa imekuwa minene kama mabomba meupe, na kisu kikikwaruza kana kwamba kinakata mchanga, hiyo ni kazi ya minyoo bapa ya ini. Ukiibonyeza mirija hiyo, minyoo yenyewe inaweza kutoka, myembamba kama jani. Minyoo hii huhitaji konokono wa majini ili ikue, kwa hiyo hata sehemu kame kama Nuu si salama kabisa: silanga na kingo za mito ya msimu hutosha, hasa kiangazi kikizidi na makundi yote yakinywa mahali pamoja. Mtu haambukizwi kwa kula ini lililopikwa. Hata hivyo ini hilo hutupwa, na nyama iliyobaki huweza kuliwa ikiwa mnyama hakukonda na hana umanjano. La maana zaidi ni kwamba kundi zima linahitaji dawa, kwa kuwa mbuzi mmoja hakunywa maji peke yake.

Vifuko vya maji ni jambo jingine. Vipo vya aina mbili, na kuvitofautisha kuna faida. Kimoja huning'inia kwenye mafuta ya tumbo kama puto dogo lenye ngozi nyembamba, na ndani yake huonekana kitone kimoja cheupe. Hicho ni cha kawaida sana kwa mbuzi, hakimwambukizi binadamu, na hukatwa na kutupwa. Cha pili humea ndani ya ini au pafu, kina ukuta mnene mweupe na kimejaa maji safi. Hicho ni kifuko cha haidatidi. Binadamu hakipati kwa kula ini. Hukipata kutoka kwa mbwa aliyekula ini hilo bichi, akatoa mayai ya minyoo kwenye kinyesi, kisha mtoto akamshika manyoya na kutia mkono mdomoni. Kifuko humea polepole kwa miaka ndani ya ini au mapafu ya mtu, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Turkana iliwahi kurekodi viwango vya ugonjwa huu vilivyokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Aina zote mbili hupitia kwa mbwa, kwa hiyo kumrushia mbwa "kile kisichofaa" ndiyo njia ya uhakika ya kukirudisha nyumbani. Kichomwe au kizikwe mahali ambapo mbwa hawezi kufukua.

Kuna rangi moja ya ini iliyoingia kwenye historia ya utabibu wa mifugo hapa nchini. Mwaka 1930 wanakondoo wengi walikufa ghafla kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete walipowapasua walikuta maini yaliyoharibika, na mwaka 1931 walitangaza ugonjwa mpya waliouelezea kwanza kuwa ni uvimbe wa ini unaotokea eneo hilo. Dunia nzima sasa inaujua kama Homa ya Bonde la Ufa. Ini la mwanakondoo au mwanambuzi aliyekufa kwa ugonjwa huu hugeuka la rangi ya shaba au kahawia iliyopauka, lenye vitone vingi vidogo vya kijivu na damu iliyovuja.

Ugonjwa huu si wa mbali. Huja na mvua kubwa kupita kiasi, mbu wanapozaliana kwa wingi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliuleta kwa kishindo Kaskazini Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 2006 ulizuka tena upande wa Garissa, na kufikia mwaka 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Garissa iko mwisho wa barabara ile ile inayotoka Mwingi ikipita Nguni na Ukasi, na mifugo hupita njia hiyo kila wiki ya soko. Mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, kwa hiyo anayechinja yuko hatarini kuliko anayekula nyama iliyoiva. Dalili ya mapema haiko ndani ya ini. Iko zizini: mbuzi na kondoo wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wao kufa ndani ya siku chache. Mfugaji anayeona hayo baada ya mvua nyingi asichinje chochote. Apige ripoti kwanza.

Mapafu

Pafu lenye viraka vya rangi nyekundu iliyokolea, kama vya ubao wa drafti, kwa kawaida ni damu iliyovutwa mbuzi alipokuwa akipumua mara ya mwisho. Majani ya kijani ndani ya koromeo yana maelezo kama hayo. Hayo si ugonjwa, ingawa pafu hilo halifai kuliwa.

Pafu moja likiwa gumu kama ini, lenye rangi ya kijivu na nyekundu, limeshikana na mbavu na kuzungukwa na maji ya rangi ya majani makavu, hiyo ni picha ya homa ya mapafu ya mbuzi. Kimelea chake kilitengwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, mwaka 1976. Hakimdhuru binadamu. Kwa mbuzi lakini ni janga, maana hupita kutoka pua hadi pua na kinaweza kufyeka kundi. Hapa hasara kubwa haitokani na nyama iliyotupwa. Hutokana na ukimya: mfugaji anakula mbuzi wake, hasemi kitu, anawapeleka waliobaki sokoni, na baada ya wiki chache kijiji kizima kinakohoa mbuzi.

Nyeusi

Mbuzi mweusi au wa madoadoa anaweza kuwa na madoa meusi kwenye mapafu, ini au utando wa ubongo. Ni rangi ya ngozi iliyopotea njia na kuingia ndani. Haina harufu, haivimbi na haina madhara.

Jeraha la kupigwa au kuanguka huwa jekundu siku ya kwanza, kisha jeusi, na baadaye hugeuka kijani na manjano linapopona, kama ilivyo kwa binadamu. Hukatwa, na nyama nyingine hutumika. Mahali palipochomwa sindano pia pana rangi ya aina hiyo, na hapo swali ni lini dawa ilitolewa, kwa sababu kila dawa ina idadi ya siku ambazo mnyama hapaswi kuchinjwa. Siku hizo zimeandikwa kwenye chupa.

Kwa ng'ombe mchanga aliyenona, paja lililovimba, linalolia kama karatasi likibonyezwa, na ambalo nyama yake ni nyeusi, kavu na yenye matundu kama sifongo, ni chambavu. Nyama hiyo haliwi.

Kisha kuna kimeta. Bandama ya mnyama mwenye kimeta huvimba mara kadhaa, huwa laini na nyeusi kama lami. Damu yake huwa nyeusi na haigandi. Lakini mfugaji hapaswi kufika mahali pa kuiona bandama hiyo, maana maelezo hayo yameandikwa kwa gharama ya waliopasua. Bakteria wa kimeta ndani ya mzoga uliofungwa hufa wengi nyama inapooza. Mzoga ukipasuliwa, hupata hewa na kujifunika ganda gumu, na katika hali hiyo hukaa ardhini kwa miongo ya miaka wakingoja mnyama mwingine apite akila majani. Kuchemsha nyama kwa kawaida hakuhakikishi kuwa ganda hilo limekufa, na kabla nyama haijafika sufuriani mikono imekwisha kuishika.

Kwa hiyo dalili za kimeta zitazamwe kwa nje na kwa umbali. Mnyama aliyekuwa mzima jana amekutwa amekufa. Amevimba upesi, mwili haujakakamaa kama kawaida, na damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au nyuma. Huyo hafunguliwi, hachunwi na hasogezwi. Watoto na mbwa wazuiwe, na afisa wa mifugo aitwe ili mzoga uchomwe au uzikwe kwenda chini kiasi cha futi sita pamoja na chokaa. Aliyekwisha kumgusa achunguze mikono yake kwa siku kadhaa. Kidonda cha kimeta huanza kama kipele kinachowasha, kisha hupasuka na kuacha kovu jeusi katikati, na cha kushangaza hakiumi. Kutokuuma huko ndiko kunakowachelewesha watu. Kikitibiwa mapema hospitalini kwa dawa za kuua bakteria hupona. Kwa ng'ombe ipo chanjo inayokinga kimeta na chambavu kwa pamoja.

Kuhusu kijani na rangi za upinde wa mvua, hakuna mengi. Kijani kilicho karibu na mfuko wa nyongo ni nyongo iliyomwagika. Huoshwa au hukatwa. Kijani chenye harufu na utelezi ni uozo. Mng'ao wa rangi nyingi kwenye nyama iliyokatwa vizuri ni mwanga tu unaocheza juu ya nyuzi za msuli, kama unavyocheza juu ya mafuta yaliyomwagika majini.

Na digidigi je?

Katika nchi kama Marekani, wawindaji wenye leseni hupasua swala wa huko porini na kukutana na maswali haya haya. Mmoja wa minyoo ya ini ya wanyama hao huacha unga mweusi kama masizi ndani ya ini, na wengi humtupa mnyama mzima kwa hofu. Hapa nyumbani swali hilo halipaswi kufika kwenye kisu. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata uwindaji wa kutafuta mboga. Ukweli unaojulikana na kila mtu ni kwamba nyama ya digidigi bado huuzwa kimyakimya, wakati mwingine ikiitwa ya mbuzi.

Mbali na sheria, nyama hiyo haijapita mbele ya mkaguzi yeyote. Digidigi anayekamatwa na mbwa kirahisi huenda alikuwa mgonjwa, na aliyekutwa amekufa hana historia. Mwaka 2015, kimeta kiliua mamia ya nyati ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, mbuga iliyozungushiwa uzio na yenye madaktari wake. Vichaka vya chini ya vilima vya Nuu havina uzio. Mnyama wa porini aliyekutwa amekufa huripotiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au kwa chifu.

Muhuri na mikono

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, nyama ya kuuzwa inapaswa kuchinjwa mahali penye leseni na kukaguliwa. Tangu ugatuzi, vichinjio na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Mkaguzi hukata tezi, hupasua misuli ya taya na moyo kutafuta vifuko vya tegu, hupapasa mapafu na kufungua mirija ya ini, na ndipo hupiga muhuri. Mnunuzi ana haki ya kuuliza muhuri uko wapi. Mwenye bucha asiyeweza kuuonyesha kwenye paja hapaswi kuudhika akiulizwa.

Harusini, mazishini na wakati wa Krismasi, kuchinja nyumbani hakuepukiki, na hapo ndipo mikono huhitaji ulinzi. Mwenye kidonda asichinje. Glavu, au hata mifuko ya plastiki iliyofungwa mkononi, ni bora kuliko mikono mitupu, na sabuni iwe karibu tangu mwanzo. Damu ya mutura itoke kwa mnyama aliyekuwa mzima, na mutura ichomwe hadi katikati, si ngozi ya nje tu. Mama mjamzito asishike mimba iliyotupwa wala kondo la nyuma, kwa kuwa ugonjwa wa brusela hupita hapo, nao haubadilishi rangi ya nyama hata kidogo.

Mkaguzi au afisa wa mifugo wa wadi akiitwa, anahitaji kukuta ushahidi. Viungo viachwe pamoja na kichwa cha mnyama, juu ya majani safi au turubai, kivulini, mbali na mbwa na nzi. Doa lisikatwe wala kuoshwa kabla hajaliona. Nyama isianze kugawiwa. Simu ya kumwita itaje wadi na kijiji, idadi ya wanyama waliougua au kufa wiki hiyo, dawa au chanjo ya mwisho waliyopewa, na iwapo kuna mtu aliyekwisha kula au kushika. Magonjwa kama kimeta na Homa ya Bonde la Ufa ni lazima yaripotiwe kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, hata pale ambapo mwenye mnyama ana uhakika kuwa ni jambo la mara moja tu. Asiyejua nambari ya afisa wa wadi anaweza kuipata kwa chifu, kwa msimamizi wa wadi au kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo mjini Mwingi.